Ulinganisho: Windows Phone, BlackBerry 10, KaiOS na HarmonyOS. Nani alikaribia kuwa wa tatu?

Ngalawa (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Mada ya Android au iPhone imeshachosha, na matokeo yake yanajulikana: kwa hesabu za StatCounter, Android ina asilimia 70 na ushee duniani, iOS inakomba karibu yote yanayobaki. Naomba tuwalinganishe waliogombea nafasi ya tatu kati ya mifumo ya simu. Nani alipata wateja kweli, na kilichomwangusha kiliepukika au la?

Naanza na msimamo wangu. Windows Phone ndiyo iliyokaribia. Mwaka 2013, Kantar, kampuni ya utafiti wa soko, iliipa karibu asilimia 10 ya mauzo kwenye masoko 5 makubwa ya Ulaya. Lumia 520 ya Nokia yenye RAM ya MB 512 ilikuwa laini mkononi kuliko Android nyingi za bei yake. Kila ukiuliza kwa nini ilikufa, unajibiwa "haikuwa na programu". Nalihesabu hilo jibu la uvivu.

FundiRamu
Si la uvivu mkuu, ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba Microsoft ilibomoa nyumba mara kwa mara huku wapangaji wakiwa ndani.

Windows Phone 7 (2010) ilijengwa juu ya Windows CE. Windows Phone 8 (2012) ikahamia kwenye kiini (kernel) cha NT, kile cha Windows ya kompyuta, na simu zote za 7 zikaachwa nje. Zilipewa toleo la 7.8, na badiliko ambalo mtumiaji aliliona zaidi ni skrini mpya ya mwanzo. Lumia 900 iliingia sokoni Marekani Aprili 2012, na Juni ya mwaka huohuo wenye nayo wakaambiwa haitapanda kwenda 8. Miezi miwili! Ilipokuja Windows 10 Mobile ikawa yaleyale: Lumia 520, simu iliyouzwa kuliko zote za mfumo huo, haikuwemo.

Sasa tazama upande wa mtengeneza programu. Kati ya majukwaa ya Microsoft ya kuandikia programu, alianza na Silverlight, akasogezwa WinRT, kisha UWP. Kila hatua ni kuandika upya sehemu kubwa ya kazi kwa ajili ya soko ambalo ni kipande kidogo cha Android. Hata hiyo 520 uliyoisifu, michezo kadhaa ilidai RAM ya GB 1 na kugoma kuwekwa. Mfumo ulikuwa mwepesi, lakini programu zilizopangwa kwa simu za juu hazikuwa nyepesi.

Mshale
Umesahau YouTube. Mwaka 2013 Microsoft ilijiandikia yenyewe programu ya YouTube, Google ikaizuia. Mshindani wako akiwa ndiye mwenye huduma ambayo wateja wako wanaitaka, ubora wa kiini haukusaidii kitu.

Mwanakodi
Basi tuichukue BlackBerry 10, maana yenyewe ilijaribu dawa ya tatizo hilo: kuendesha programu za Android ndani yake. Ilizinduliwa Januari 2013 juu ya QNX, kiini ambacho kampuni ilikinunua 2010. Toleo la 10.2.1 la Januari 2014 likaruhusu kufungua faili la APK, yaani faili la kuwekea programu ya Android, moja kwa moja, na baadaye duka la Amazon likawekwa humohumo.

Dawa ile ilikuwa na kasoro mbili.

Ya kwanza ni ya kiufundi. Android ni tabaka mbili. Ya chini ni AOSP, msimbo wa wazi ambao yeyote anaweza kuuchukua. Ya juu ni huduma za Google Play: arifa, ramani, kuingia kwa akaunti, malipo. Hii ya juu si ya wazi. Ukiweka APK kwenye mfumo usio na tabaka la juu, mara nyingi itafunguka, halafu yanaanza: ujumbe hauingii mpaka uifungue programu mwenyewe, ramani inakuwa kijivu, kitufe cha kuingia kwa Google hakijibu. Ukitaka kujua mapema kama programu yako itaumia, fungua build.gradle (faili la mipangilio ya kuunda programu) utafute mistari inayoanza na com.google.android.gms na com.google.firebase. Arifa ndizo za kwanza kukusumbua. Ramani unaweza kuiweka nyingine, lakini arifa zinahitaji njia mbadala kwenye seva pia, siyo kwenye simu tu.

Ya pili ni ya biashara. Programu ya Android ikishafanya kazi kwako, hata kwa kuchechemea, nani atahangaika kuandika ya asili ya BlackBerry? Microsoft nao walitangaza daraja la namna hiyo mwaka 2015, Project Astoria, wakalifuta Februari 2016. Naona walifanya vizuri kulifuta, japo mgonjwa alikuwa ameshakata roho.

Kitasa
Wakuu mnazungumza kama simu zote huuzwa Ulaya. Huku kwetu vipimo ni vingine.

Kenya ilipata Huawei IDEOS mwaka 2011, Android 2.2 kwa bei iliyokaribia dola 80. Microsoft ilikuja na jibu lake Februari 2013: Huawei 4Afrika, Windows Phone 8, RAM MB 512, hifadhi GB 4, dola 150, Kenya ikiwa mojawapo ya nchi 7 za kwanza. Kuchelewa miaka 2 na kuja na bei karibu mara mbili, hapo hakuna haja ya kumtafuta mchawi.

Halafu kuna jambo linalosahaulika. Kwetu mfumo mpya hauhitaji programu ya benki ili ukubalike, kwa sababu pesa za simu zinakwenda kwa menyu ya laini au *150*00# upande wa Vodacom Tanzania. Kitochi chochote kinalipa. Kinachohitajika kweli ni WhatsApp. Soma tarehe: Symbian S60, mfumo wa zamani wa Nokia, ilikatwa Juni 2017, BlackBerry 10 mwisho wa 2017, Windows Phone mwisho wa 2019. Baada ya hapo simu inabaki redio na tochi.

Ndiyo maana kura yangu ni KaiOS. Ilizaliwa kutoka mabaki ya Firefox OS, ikaendesha simu ya vitufe kwa RAM ya MB 256, ikapata WhatsApp. JioPhone ya India (2017) iliisukuma mpaka 2018 ikaipita iOS nchini humo kwa hesabu za DeviceAtlas. Tanzania Vodacom ikaleta Smart Kitochi yenye KaiOS. Windows Phone ilifika lini hapo?

Mwanakodi
Dada Kitasa, hoja ya WhatsApp ndiyo inayoiua KaiOS pia. Mwaka 2024 ilifungwa kwa wanaoiweka upya. Na tatizo lilikuwepo tangu mwanzo: KaiOS 2.5 inatumia Gecko 48, injini ya kivinjari cha Firefox ya mwaka 2016. Tovuti za leo zinatuma JavaScript ambayo injini hiyo haiielewi, ukurasa unabaki mweupe. KaiOS 3 ilipanda mpaka Gecko 84, ila simu zilizokwisha kuuzwa na 2.5 zilibaki na 2.5.

Kitasa
Sikatai. Lakini wateja iliwapata, na ndilo swali la kwanza la mada.

Mshale
HarmonyOS mbona mnaipita pembeni? Huawei iliwekwa kwenye orodha ya vikwazo vya Marekani Mei 2019, ikakosa tabaka la juu alilolieleza Mwanakodi. Mwanzoni iliendelea kubeba AOSP kwenye simu zake, na kuanzia HarmonyOS NEXT ya 2024 ikaiacha AOSP kabisa: APK haiwekwi, programu huandikwa kwa ArkTS, lugha ya Huawei yenyewe. Robo ya kwanza ya 2024 HarmonyOS iliipita iOS ndani ya China kwa hesabu za Counterpoint, asilimia 17 kwa 16.

Tofauti na wengine wote ni soko la nyumbani ambalo huduma za Google hazipo. Pengo lililowaua wenzake, kule halipo. Kumbukeni Acer Septemba 2012: ilifuta uzinduzi wa simu ya Aliyun, mfumo wa Alibaba, saa chache kabla, na Alibaba ikasema Google ndiyo iliyotia shinikizo. Huawei tayari ilikuwa imefukuzwa, haikuwa na cha kupoteza. Nje ya China ni habari nyingine.

Ngalawa
Nimeelewa kuhusu HarmonyOS, ila narudi kwenye asilimia 10 yangu. Soko la watu wenye fedha, asilimia 10, na bado watengeneza programu hawakuja?

FundiRamu
Kwa sababu ile ni asilimia 10 ya mauzo ya miezi mitatu, na siyo ya simu zilizoko mifukoni. Simu hukaa na mtu miaka 2 au 3, kwa hiyo siku mauzo yanafika 10, zinazotumika huenda ni 4 au 5. Kisha zigawe: baadhi ni 7.8 zisizopokea programu za 8, baadhi zina MB 512. Mtengeneza programu anahesabu kilichobaki baada ya kugawa, na gharama ya kuandika ni ileile.