Nyumba yangu ya Goba imekatwa vyumba sita, na mkataba wa dalali unamlinda aliyeikata

Wakuu, nimekaa na hili siku nne nikisema nitapoa. Sijapoa.

Nina nyumba Goba, Dar, vyumba vitatu na sebule. Nimeijenga miaka tisa kwa mikopo ya kazini, tofali kwa tofali. Mwaka jana nikahamishiwa Dodoma. Nikamtafuta dalali, ndani ya wiki akaleta mpangaji: baba mmoja mwenye maneno mazuri, akasema ana mke na watoto wawili. Kodi 350,000 kwa mwezi, akalipa miezi sita kwa mkupuo. Dalali akachukua kwa mpangaji ada yake ya kodi ya mwezi mmoja, halafu akanigeukia na mimi, nikampa 100,000 nyingine awe ananiangalizia nyumba. Hapo ndipo nilipomkabidhi fisi bucha.

Kila nikiuliza, natumiwa picha WhatsApp. Geti limefungwa, maua yamemwagiliwa, ukuta msafi. Juzi nimekuja Dar msibani, nikapita nyumbani bila kumwambia mtu. Ndiyo nikaelewa kwa nini picha zote zilipigwa kutoka nje.

Sebule imekatwa katikati kwa plaiwudi, misumari imepigwa mpaka kwenye jipsam ya dari. Stoo nayo ni chumba. Kila mlango una kufuli lake na namba ya chaki. Chumba cha wanangu ni namba 4, na pale ukutani tulipokuwa tunaweka alama za penseli kuwapima urefu pamejaa masizi ya jiko la mkaa. Binti niliyemkuta anachoma maandazi koridoni akaniuliza, "Dada, unatafuta chumba? Vimejaa, labda uache namba yako."

Vyumba sita, kila kimoja 90,000. Mpangaji wangu anakusanya 540,000, mimi ananipa 350,000. Mke na watoto sijawaona. Shimo la choo limefurika, chemba inatema maji uani, maana lilichimbwa kwa familia moja na wanaolitumia sasa ni watu kumi na wanne. Bili ya maji imefika 486,000 na akaunti ina jina langu. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimrudishia hata ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, 1,500 kila mwezi, kwa sababu ni deni la mwenye nyumba, si la mpangaji. Nilitimiza kila kitu upande wangu!

Nilipompigia akanijibu kwa utulivu kabisa: "Mama, mkataba unasema nisicheleweshe kodi. Nimewahi kuchelewesha?"

Nikautoa mkataba nikausoma upya. Ukurasa mmoja, ile fomu ya kununua stationery, dalali kajaza majina na kiasi. Hakuna neno kuhusu kupangisha mtu mwingine. Hakuna idadi ya watakaokaa. Hakuna kinachokataza kubadili chochote ndani, wala nani anamaliza bili ya maji akihama. Nilisaini nikiwa nimesimama, mizigo iko kwenye gari. Hilo kosa ni langu na linaniuma.

Serikali ya mtaa wametuita, hakutokea. Baraza la kata nimeelezwa kuwa tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 wao wanasuluhisha tu, hawaamui. Suluhu ikishindikana wananipa cheti niende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na siku 30 zikipita bila suluhu naweza kwenda hata bila cheti. Mzee mmoja pale akaniuliza kama mkataba umelipiwa ushuru wa stempu. Sikuwahi kulipa. Kumbe ni asilimia 1 tu ya kodi ya mwaka, kwangu ni 42,000, na bila hiyo karatasi yangu haipokelewi kama ushahidi mpaka nilipe pamoja na adhabu. Kwa 42,000!

Dalali sasa hapokei simu. Alipopokea mara ya mwisho alisema kazi yake iliisha siku aliyonikabidhi mpangaji. Na ile 100,000 ilikuwa ya nini? Akakata.

Wenye nyumba mliohamia mikoani, nawaomba, msipangishe kwa fomu. Mlipeni wakili aandike mkataba unaotaja majina ya watakaolala humo na kukataza kupangisha mwingine bila idhini yako ya maandishi. Uandike una haki ya kuingia kukagua kwa taarifa ya siku kadhaa, kisha uitumie hiyo haki, uingie mpaka chooni. Chukua amana ya mwezi mmoja. Piga picha kila chumba mkiwa wote wawili kabla hujatoa funguo. Bili ya maji iulizie mwenyewe kila mwezi, kwa sababu matumizi yakipanda ghafla ndiyo habari ya kwanza utakayoipata. Mimi ningejua tangu mwezi wa tatu. Na anayekuangalizia nyumba asiwe yule yule aliyelipwa kwa kuleta mpangaji.

Wale wapangaji wadogo sina ugomvi nao. Yule binti wa maandazi amelipa mpaka mwezi wa tisa na risiti anayo, sijui nimwambie nini.

Kuna aliyewahi kumdai mpangaji bili ya maji baada ya kuhama akalipwa kweli? Ulianzia wapi? Na kama kuna mtu ana fundi mwaminifu wa jipsam upande wa Goba au Madale, naomba aniunganishe.