Kodi ilianza kwa viboko, leo ina uhalali gani?

Viazi_Uyole: Wakuu, jana nimepakia viazi nimelipa ushuru wa mazao, na kuanzia 2021 kutuma tu hela ya vibarua kwa simu nilikuwa nakatwa tozo. Kodi yenyewe Mjerumani ndo alituletea 1897, rupia 3 kwa kila nyumba, huna hela kalime shamba la mzungu. Sasa leo uhalali umetoka wapi, kwenye mashine ya risiti?

Ntilie_Mwanjelwa: Hilo lori lako linapita lami ya babu yako? Halafu kodi haikuanza na Mjerumani, hata Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alitoza misafara hongo. Hongo hiyohiyo leo tunaita rushwa 😂

Mnyalukolo: Dada hapo umekosa adabu. Hongo ilikuwa ya kupita salama kwenye nchi ya mtu. Aliyemfyeka kamanda wa Kijerumani Zelewski na kikosi chake pale Lugalo 1891 unamweka kapu moja na mtoza ushuru wa sokoni??

Ntilie_Mwanjelwa: Asiyelipa alikuwa anapita? Hapiti. Basi kodi hiyo kaka, usinune.

Ndizi_Tukuyu: Wahehe ukiwatajia Mkwawa tu swali limekufa

Mnyalukolo: Mla ndizi tulia. Babu zetu walimpiga Mjerumani nyie mnapalilia migomba

Njombe_Baridi: Weee, na vita ya Majimaji dhidi ya Mjerumani je? 1905 sisi Wabena na mtemi wetu Mbeyela tunavamia misheni ya Yakobi, nyie Wahehe mlikuwa upande wa nani? Sema usiogope

Mnyalukolo: Hiyo historia ya kuokoteza, Mkwawa alishajipiga risasi 1898 ulitaka watu waongozwe na nani

Njombe_Baridi: Kumbe jibu unalo

Mzee_wa_Mafinga: Wanangu mnagombania wafu. Kodi ya maendeleo mnaikumbuka? Mgambo wanakuja alfajiri, ukisikia mbwa tu unachomokea mlango wa nyuma unaingia kwenye mahindi, mimi nimekaa humo mpaka saa nne na umande ule, mama watoto anawaambia nimesafiri. Ilivyofutwa 2003 nilinunulia kijiji kizima pombe ya ulanzi.

Ndizi_Tukuyu: Mzee kumbe wewe ndo ulichelewesha barabara 😂😂

Mzee_wa_Mafinga: Barabara ipi, risiti yenyewe nilikuwa nalipia nisikamatwe tu, hata kisima sikuwahi kuonyeshwa

Viazi_Uyole: Jamani mimi nimeuliza UHALALI

Mkulima_Isyonje: Mkuu samahani, hivyo viazi ulipima kwa kilo au ulipakia lumbesa, lile gunia la kujaza kupita kipimo?

Viazi_Uyole: Hayo fungua mada yako

Mkulima_Isyonje: Hapana tuongelee hapahapa, maana lile debe la juu tunalipa sisi na risiti hutoi