Matumba ya pamba yanaanguka: nipulize dawa au nisubiri?

Mkulima wa Magu
Ndugu wakulima, salamu. Pamba yangu huku Magu imeanza kutoa maua, lakini kila asubuhi nakuta matumba machanga yamedondoka chini ya mashina. Majirani wanapuliza dawa kila baada ya wiki mbili bila kutazama shambani kuna nini, na wananihimiza nami nifanye hivyo. Nitatambuaje kama chanzo ni funza wa vitumba (kiwavi wa nondo anayetoboa matumba) au ni jambo jingine?

Bwana Shamba, Misungwi
Ndugu yangu, anza na hayo yaliyoanguka. Okota matumba kutoka sehemu mbalimbali za shamba, kisha uyapasue kwa ukucha. Tumba lililotobolewa na funza huwa na tundu la mviringo, mara nyingi likiwa na kinyesi chake, na vijani vinavyolizunguka hutanuka na kuwa manjano kabla halijadondoka. Lisilo na tundu kwa kawaida limeachwa na mmea wenyewe, kwa sababu ya ukame, maji yaliyotuama, mawingu ya siku nyingi mfululizo, au mzigo uliozidi nguvu zake, na hali hiyo haitibiwi na dawa yoyote ya wadudu. Ila ukiona majani ya kileleni yamechanikachanika, mshuku ligasi, mdudu mdogo ambaye hufyonza tumba bila kuacha tundu kama la funza.

Pamoja na hayo, kagua shamba kila wiki. Pita katikati, si pembezoni tu, uchague mimea 24 iliyotawanyika, na utazame kila mmoja kuanzia kileleni. Yai la funza ni la mviringo, dogo kuliko kichwa cha pini, jeupe kama maziwa linapotagwa, na huwa na pete ya kahawia linapokaribia kuanguliwa. Zimbabwe wametumia kwa miaka mingi kipimo cha mayai 12 kwa mimea 24 kuwa ndiyo alama ya kupuliza. Umuhimu wa kuhesabu mayai ni kwamba funza akishaingia ndani ya tumba, dawa haimfikii tena. Ongeza uangalifu mahindi ya jirani yanapokauka ndevu, kwa maana nondo wa funza huyo huhamia kwenye pamba.

Mama Pamba, Kwimba
Naongezea kwa kaka wa Magu: hesabu pia wadudu kobe na buibui, wanaokula wadudu waharibifu. Ukipuliza pasipo sababu unawaua hao kwanza, kisha wadudu mafuta, vidudu vinavyofyonza majani, wanazaliana bila mlinzi, na majimaji matamu wanayotoa yananatisha pamba iliyokwisha kupasuka, jambo linaloshusha daraja lake sokoni. Chawajani, vidudu vingine vinavyofyonza majani, wasikusumbue sana, kwani mbegu za kituo cha utafiti cha Ukiriguru zilichaguliwa kwa vinyweleo vya majani vinavyowazuia.

Mkulima wa Magu
Nawashukuru sana. Nimepasua mengi, na karibu yote hayana tundu. Yanatoka upande wa bondeni, ambako mvua za juzi zimeacha maji. Majani ya kileleni ni mazima na mayai niliyoyaona ni machache mno.

Bwana Shamba, Misungwi
Basi weka bomba chini. Chimba mfereji wa kutoa maji upande huo, palilia udongo ukishakauka kiasi, na uhesabu mayai tena wiki ijayo kwenye mimea mingine 24, ukiandika bondeni peke yake na mwinuko peke yake.