Lupasi: mbona CAR-T inafika pale rituksimabu inapokwama?

Mdau_Maabara
Wakuu, napitia matokeo ya CAR-T (seli T za mgonjwa zilizowekewa jeni ili ziue seli B) ya Erlangen, Ujerumani: wagonjwa 5 wa lupasi (kinga kushambulia mwili wenyewe) mwaka 2022, kisha 15 mwaka 2024 (8 kati yao wa lupasi). Rituksimabu nayo ni dawa inayoua seli B, chimbuko la kingamwili. Kwa nini hawa wa CAR-T waliacha hadi prednisoloni (steroidi)? Na seli B zikifutwa, kinga ya chanjo si inaondoka nazo?

SeliB
Rituksimabu inashika CD20, alama iliyo juu ya seli B, halafu inasubiri seli nyingine za kinga zije zimalizie kazi. Kwenye damu inasafisha vizuri. Ndani ya tezi za limfu seli B zinabaki, na ugonjwa unarudi kutokea huko. Seli za CAR-T zinapenya zenyewe kwenye tishu na kuzaliana humo humo. Tena zinalenga alama nyingine, CD19, ambayo plazmablasti (seli B zinazogeuka kuwa seli za plazma) wanayo hata wakishapoteza CD20.

Kuhusu chanjo, kingamwili za surua na pepopunda hutoka zaidi kwa seli za plazma zinazodumu kwenye uboho, na nyingi hazina CD19. Ndiyo maana kingamwili dhidi ya DNA (zile za lupasi) ziliporomoka, za chanjo zikabaki kwa sehemu kubwa. Seli B zilirudi baada ya siku 110 hivi, zikiwa changa. Ila tusishangilie mno: hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Zamu_ya_Usiku
Kwa vitendo: maikofenoleti (dawa ya kupunguza kinga) na steroidi zipunguzwe kabla ya kuvuna seli T, la sivyo mavuno yanakuwa hafifu. Seli zikishawekewa jeni na kukuzwa, mgonjwa anapewa kemo: fludarabini 25 mg/m² kwa siku tatu (ya 5 hadi ya 3 kabla ya seli) na saiklofosfamidi 1,000 mg/m² mara moja, siku ya 3 kabla. Seli ni milioni 1 kwa kilo. Mwenye kilo 60 anapata milioni 60.

Angalieni figo. Fludarabini hutoka kwa mkojo, na lupasi hupenda figo. Usipopunguza dozi, inalimbikizana na kudhuru neva.

Homa ikipanda, chukua damu ya kuotesha na uanze antibiotiki hapo hapo, hata kama unaamini ni saitokini tu (kemikali za kinga zinazofurika baada ya CAR-T). Tosilizumabu, dawa ya kutuliza hizo saitokini, ni 8 mg/kg, isizidi 800 mg. Ukishaitoa, CRP (kipimo cha damu kinachopanda kukiwa na maambukizi) inashuka hata kama maambukizi yanaendelea, kwa sababu umeziba IL-6, saitokini inayopandisha CRP. Usiitumie kujipa moyo.

Mdau_Maabara
Shukrani mkuu. Kuna njia ya kukwepa kuvuna seli na hizo kemo?

Mkemia_TZ
Inajaribiwa: mRNA ya CAR (maelekezo ya muda ya kutengeneza kipokezi kinachotambua seli B) inafungwa kwenye chembe za mafuta na kudungwa mshipani. Mafuta yake makuu yana pKa (pH ambapo nusu ya molekuli zake zina chaji) ya 6.5 hivi. Kwenye damu, pH 7.4, karibu hayana chaji. Yakimezwa na seli yanakutana na asidi, yanapata chaji chanya, yanapasua kifuko na kumwaga mRNA. Tatizo ni ini: apolipoprotini E, protini ya damu, inazigandia chembe na kuzipeleka huko. Kwa hiyo nje hubandikwa kingamwili dhidi ya CD8, alama ya seli T, ili zishike seli hizo. Jeni haiingii kwenye DNA, na mRNA huisha kwa siku chache, hivyo dozi hurudiwa.