Vibao vya 50 vijijini: mbele tochi, nyuma basi. Tupeane uzoefu

Mwenda Pole wa Nala:
Wakuu salaam. Jana natoka Gairo kurudi Dodoma na kagari kangu. Pandambili 50, Kibaigwa 50, Mbande, Chalinze, Manchali, Chamwino, mnaijua wenyewe. Na vibao sina ugomvi. Ugomvi wangu ni wa nyuma. Ukishusha tu kufika 50, kuna mtu anakuja kukaa kwenye buti lako kama anakudai. Taa fulu, honi, mkono nje ya dirisha. Ukiongeza kidogo umridhishe, kumbe nyuma ya mbuyu yuko trafiki kijana na tochi ya kupima mwendo. Unapigwa wewe. Yule aliyekusukuma anapita mdogo mdogo, anakuangalia kwa huruma. Mnafanyaje wenzangu? Matusi tuache.

Kidumu:
Ngoja waje wenye uzoefu, mimi natembelea treni.

Mama Alizeti:
Umenikumbusha Kintinku. Nimeacha mboga jikoni niandike hili.

Nilikuwa nampeleka mama Manyoni kwa dada yake. Jioni, na ile njia ya Bahi jioni jua linakuwa machoni kwako mwanzo mwisho. Nikaingia kwenye kibao cha 50, nikashusha. Nyuma yangu kuna semi imefunikwa turubai, yenyewe haikushusha. Naiona kwenye kioo inakua tu, mpaka kioo kizima kikawa taa. Honi ya semi ukiisikia ukiwa ndani ya Passo, meno yanagongana. Mama anasema, "Mwanangu, ongeza, huyu atatuua." Namwambia mama, kibao kile. Akasema, "Kibao hakitatuzika."

Nitoke kushoto nimpishe? Kuna kina mama wana ndoo za maji kichwani na mtoto anaburuza kuni. Kulia basi linakuja. Nikabaki hapo hapo, mikono inatetemeka, mshale uko kwenye 50.

Ghafla ng'ombe. Zizi zima linavuka, mchungaji yuko nyuma kabisa na fimbo begani, hana habari. Nikakanyaga breki, gari ikasimama miguuni pa ng'ombe wa kwanza. Halafu nikasubiri kugongwa. Sikugeuka. Mama akaniinamisha kichwa kwa mkono, akaanza "Baba yetu uliye mbinguni". Nasikia breki za upepo, tairi zinalia, harufu ya mpira inaingia na madirisha yamefungwa. Semi ikaenda kulia, basi likaenda majanini, semi ikaja kusimama imeshatupita, pua iko katikati ya ng'ombe. Ng'ombe wakaendelea kuvuka. Aliyetukana ni yule mchungaji.

Dereva wa semi akashuka, akaja dirishani kwangu. Nikajua anakuja kuomba radhi. Akaniuliza, "Dada, mbona unasimama ghafla?"

Mama yangu akafungua mlango. Ana goti bovu lakini alifika. Yaliyofuata siyaandiki, ni Kigogo kitupu.

Tingatinga:
Pole sana dada. Ila "kibao hakitatuzika" naondoka nayo.

Zabibu Kavu:
Nakazia. Bahi hadi Kintinku ng'ombe ana haki kuliko mwenye leseni.

Suka wa Usiku:
Mnatusema sana watu wa magari makubwa. Mimi naendesha basi. Sheria ni ya mwaka 1973, sio ya jana: kwenye makazi 50, na gari la zaidi ya kilo 3,500 hata porini mwisho 80. Ndani nina kifaa cha LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, nikizidi kinalia abiria wote wanasikia. Sasa nikishika 50 abiria wanapiga kelele, "dereva, tunalala njiani?" Nikikaribia 80, wale wale, "dereva, tuna watoto." Na nyie wa magari madogo mna tabia moja. Kwenye 50 mnakwenda 40, kijiji kinaisha, kibao cha kumaliza kinapita, bado mko 40 mnaongea na simu. Ovateki za hovyo mnazizalisha nyie.

Mkazi wa Buigiri:
@Suka, nyie mnapita, sisi tunaishi hapa. Kwetu Buigiri kuna shule ya watoto wasioona, ya miaka mingi. Mtoto asiyeona barabara anaisikiliza. Gari la 50 analisikia linakuja. La 110 analisikia limeshafika. Na mashangingi ya namba za serikali ndiyo yanaongoza, hasa wakati wa Bunge. Kibao cha 50 wanadhani ni cha kwetu sisi wenye baiskeli.

Suka wa Usiku:
Mngejenga mbali na barabara basi.

Mkazi wa Buigiri:
Babu yangu amezaliwa hapa. Lami ndiyo imekuja kujenga karibu na babu yangu.

Tingatinga:
Suka umekalishwa.

Ticha Mtoro:
Mnabishana bila hesabu. Nguvu ya kugonga inakwenda na mraba wa mwendo. Toka 50 nenda 80, mwendo umeongezeka kidogo tu, lakini nguvu imezidi mara mbili na nusu. Kwa 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, kabla mguu haujagusa breki, umeshapita genge la nyanya na mwenye genge.

Kidumu:
Ticha, wengine tulikimbia shule kwa ajili ya huo mraba.

Fundi Pampu:
Yote hayo cha mtoto. Sikieni la Kondoa.

Baba mdogo alifariki hospitali hapa Dom asubuhi, ikaamuliwa azikwe kwao Kondoa siku hiyo hiyo kabla ya alasiri. Tumemlaza kwenye Noah, viti vya nyuma tumevitoa, mbele tumechomeka majani. Shangazi kakaa pembeni ya jeneza. Tumeshapita Makutupora, kijiji sikitaji, mtu wa tochi huyo barabarani. 71 kwenye 50. Dereva akamwambia, "Afande, tuna msiba." Afande akachungulia ndani, akasema, "Poleni sana. Lakini marehemu hana haraka, mwenye haraka ni wewe."

Shangazi aliposikia hivyo akashuka, akazunguka nyuma, akafungua buti lote. "Njoo umwambie mwenyewe kwamba watu wanamngoja makaburini na wewe ndiye umemzuia." Kijiji kizima kimejaa. Wauza zabibu wameweka sahani chini. Afande kasimama. Akainua mikono, akasoma Fatiha, na sisi wote tukaitikia amina. Akampa shangazi mkono wa pole. Halafu akatoa kile kimashine, kikachapa: elfu thelathini.

Tumefika watu wameshapanga safu.

Zabibu Kavu:
Hahaha jamani! Fatiha halafu elfu thelathini!

Tochi Mbovu:
Chai. Hapo kwenye shangazi kufungua buti umezidisha sukari.

Fundi Pampu:
@Tochi Mbovu, humjui shangazi yangu. Ombea usimjue.

Mama Alizeti:
Swali la muhimu: faini alilipa nani?

Fundi Pampu:
Ilitoka kwenye rambirambi.

Mkazi wa Buigiri:
Haram! Rambirambi ni ya wafiwa. Kosa ni la dereva, alipe dereva.

Suka wa Usiku:
Dereva alikuwa anakimbizwa na ndugu. Wote mlikuwa mnamwambia kanyaga, kanyaga. Mchange wote. Mimi abiria wakinikimbiza halafu nikapigwa, kondakta angepitisha kofia.

Ticha Mtoro:
Deni likikaa, litaonekana kwenye namba ya gari. Mwenye Noah ndiye anaumia, na pengine hata msibani hakuwepo.

Kidumu:
Marehemu ndiye aliyesababisha safari. Nasema tu.

Mama Alizeti:
Kidumu, toka.

Mwenda Pole wa Nala:
Wakuu, nimeuliza ya kusukumwa nyuma, tumeishia makaburini.

Mgeni wa Mbali:
Niko Ireland huku. Februari 2025 walishusha mwendo kwenye barabara ndogo za vijijini, kutoka 80 hadi 60. Barabara zenyewe nyembamba, kona tupu, nyingine nyasi zinaota katikati ya lami. Na bado ukishika 60 kuna mtu nyuma anakupiga fulu. Ufaransa 2018 waliposhusha kutoka 90 hadi 80 watu waliharibu kamera za barabarani. Kwa hiyo usidhani ni Chamwino tu.

Tingatinga:
Nyasi katikati ya lami? Ulaya? Wewe uko Ireland ya Mpwapwa.

Zabibu Kavu:
Kwa mleta uzi: washa hazadi, wa nyuma ajue uko 50 kwa makusudi.

Suka wa Usiku:
Usiwashe hazadi! Nikiona hazadi najua umeharibika, nakupita papo hapo. Punguza taratibu kabla ya kibao, gusa breki mara mbili taa zionekane. Marasta yenyewe, vile vituta vidogo vidogo vya barabarani, yanakutangulia kukuambia. Tatizo mnashtukia kibao mkiwa na 100.

Tochi Mbovu:
Mimi namwekea indiketa ya kushoto apite, anakwenda kukutana na tochi yeye. Nimewahi kumkuta mbele kapaki, nikampungia.

Ticha Mtoro:
Usimwitie mtu barabara usiyoiona, hasa ile miinuko ya kwenda Mtera. Akikutana na Fuso uso kwa uso utaishi nalo.

Tochi Mbovu:
Ticha leo kaamka na roho mbaya.

Mama Alizeti:
Mimi siku hizi nasimama kijijini, nanunua kitu, mchele Bahi, viazi Gairo, wote walio nyuma waende zao. Nafika nimechelewa na buti limejaa. Mume wangu ndiye anayelalamika.

Fundi Pampu:
Ukiwa na shangazi yangu garini hakuna anayekusogelea nyuma. Namkodisha.

Zabibu Kavu:
Samahani, nje ya mada kidogo. Kesho alfajiri nakwenda Iringa kupitia Fufu na Mtera. Wapo?

Kidumu:
Mtera wapo perege tu.

Tingatinga:
Zabibu Kavu unauliza hadharani hivyo, hujui nao wanasoma humu?

Nguo Nyeupe:
Tupo. Njoo na leseni.