Kupigwa shavu katika Mathayo 5:39: Kigiriki kinasemaje?

Mwanafunzi wa Neno, Buruburu: Wapendwa, kikundi chetu kimejadiliana sana kuhusu mtu "akupigaye shavu la kuume, mgeuzie na la pili". Je, kitenzi hicho ndicho kilichotumika Yesu alipopigwa mbele ya baraza?

Mwalimu, Kasarani: Ndugu, Mathayo 26:67 ina vitenzi viwili: kolaphizo, kupiga ngumi, na rhapizo, kupiga kofi, na hiki cha pili ndicho cha 5:39. Biblia yetu ya Kiswahili imevitenga vizuri: makonde na makofi. Anayetumia mkono wa kulia hulifikia shavu la kuume kwa mgongo wa kiganja, na kofi la namna hiyo hudhalilisha kuliko linavyoumiza. Kwa hiyo sikubali kamwe aya hiyo itumiwe kumnyamazisha mke anayepigwa nyumbani.

Dada wa Kwaya, Umoja: Asante, Mwalimu, hilo lilihitaji kusemwa. Katika Yohana 18:23 Yesu mwenyewe, akiisha kupigwa kofi, anauliza, "wanipigia nini?" Kitenzi hapo ni dero, ambacho asili yake ni kuchuna ngozi.

Mwanafunzi wa Neno: Nashukuru. Na Luka 6:29?

Mwalimu: Luka anatumia tupto, kupiga kwa jumla, kama mtoza ushuru anavyojipiga kifua katika 18:13.