Naomba ushauri: tovuti ya chama inatoa onyo jekundu na Ijumaa ni malipo

Katibu Tukuyu: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa chama kidogo cha wakulima wa parachichi, Tukuyu. Tuna tovuti kwenye seva ya kukodi. Mwanachama anaingia kwa nywila yake, anaona kilo alizoleta na pesa anayodai. Tangu juzi kila anayefungua anaambiwa muunganisho si salama. Ijumaa ni siku ya malipo na usingizi sina. Nimepata mtu Dar anauza cheti cha usalama, kile kinachothibitisha kwamba tovuti ni yetu kweli, cha miaka 3 kwa 600,000. Nilipe? Na je, mtu wa nje anaweza kuharibu cheti makusudi?

Mama Kiwira: Pole kaka. Ya tovuti siyajui. Kilo mnanunua shilingi ngapi huko? Huku madalali wametumaliza.

Kijana wa Mwanjelwa: Mkuu, maonyo hayafanani. Chini yake kuna msimbo. Ukiwa na neno DATE, tarehe za cheti zina shida. COMMON_NAME, cheti ni cha jina jingine. AUTHORITY, kivinjari hakimtambui aliyekitoa. Uandike hapa kama ulivyo.

Mzee wa Ilomba: Hili liliniumiza nikiwa na kibanda cha intaneti. Septemba 30, 2021 cheti mama cha zamani kilichokuwa kikivibeba vyeti vya Let's Encrypt, wale wanaotoa vyeti bure, kilifika mwisho. Kompyuta zangu kuukuu zikagoma kufungua tovuti ambazo simu za wateja zinafungua vizuri tu. Wakasema nimejaza virusi, wakahamia kwa jirani. Nyingine betri ya saa ilikufa, umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka. Angalia saa kwanza!

Kijana wa Mwanjelwa: Mzee wangu, shikamoo. Saa ya kompyuta moja haiwezi kugomesha chama kizima.

Katibu Tukuyu: Ni ERR_CERT_DATE_INVALID. Kwa sasa nimewaambia wanachama wabonyeze "endelea".

Dada wa Forest: Kaka, watumie ujumbe usiku huu waache! Unawazoesha kuandika nywila kwenye ukurasa wowote wenye onyo. Kesho mtu akitengeneza tovuti inayofanana na yenu watabonyeza vilevile, na pesa ni jasho lao.

Katibu Tukuyu: Dada, ningefanyaje? Kina mama wanapiga simu toka alfajiri.

Fundi Soweto: Kama cheti ni cha Let's Encrypt, hudumu siku 90, na certbot, programu iliyo kwenye seva, hukihuisha yenyewe zikibaki kama 30. Kisipohuishwa, kuna kitu kimekizuia. Mmebadilisha nini tangu Januari?

Katibu Tukuyu: Hakuna.

Fundi Soweto: Hakuna kabisa? Aliyeifunga hiyo seva yuko wapi?

Katibu Tukuyu: Ni shemeji yangu. Tuligombana Februari, anadai malipo ya miezi minne. Nikahofia ataingia kuharibu, nikabadilisha nywila zote na kufunga milango (poti) yote ya seva, nikaacha 22 ninayoingilia mimi na 443 ya tovuti. Sioni kosa langu, nililinda mali ya wanachama. Ndiyo maana nauliza kama yeye ndiye kaharibu.

Mama Kiwira: Miezi minne! Mtu alipwe kabla jasho lake halijakauka. Hata kibarua wa shamba hutumfanyii hivyo.

Fundi Soweto: Basi umefunga na poti 80, mlango wa tovuti usiotumia cheti. Let's Encrypt mara nyingi hupitia hapo kuhakikisha tovuti ni yenu. Shemeji hajaharibu chochote. Na huyo wa miaka 3 usimpe hata mia: tangu Septemba 2020 vivinjari vikubwa vinakataa cheti kipya kinachozidi siku 398.

Katibu Tukuyu: Nimeshamtangulizia 200,000.

Mnyalu Halisi: Uzi wa kutunga huu. Anajua kufunga poti, kufungua hajui? Kesho ataweka namba ya kuchangia.

Kijana wa Mwanjelwa: Hata mimi nimeanza kuwaza. Kila akibanwa linatoka jipya.

Katibu Tukuyu: Sijaomba hata senti ya mtu. Nilifuata daftari aliloacha shemeji. Kufunga ameandika hatua kwa hatua, kufungua hakuandika. Aibu ndiyo ilinifanya nisiseme mapema.

Fundi Soweto: Mimi namwamini, makosa yenyewe yanaungana. Fungua 80, kisha andika `sudo certbot renew --dry-run`. Hilo ni jaribio tu. Likipita, rudia bila `--dry-run`.

Katibu Tukuyu: Jaribio limepita na cheti kipya kimetoka! Lakini onyo bado lipo.

Fundi Soweto: Nginx, programu inayoonyesha tovuti yenu, bado imeshika cha zamani. Iambie isome upya: `sudo systemctl reload nginx`.

Katibu Tukuyu: Limeondoka! Ndaga fijo, wakuu. Wanachama nimewatumia ujumbe wasibonyeze tena "endelea", na wabadilishe nywila. Wa Dar hapokei simu. Shemeji nimemtumia ya miezi miwili. Ameuliza miwili mingine lini, nimemwambia Jumatatu.

Mama Kiwira: Na bei ya kilo, kaka?